Karanga na Mkono Wangu

Etterbeek, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Zuhura,

Salamu tulipeana asubuhi na tutapeana tena ukirudi, kwa hiyo naziruka. Nimewaona kutoka dirishani, wewe na mbwa wako Karanga, mkivuka barabara kuelekea bustanini. Leo mtazunguka sana, kwa sababu kesho atakaa ndani ya treni saa nyingi akiwa amevishwa kifungio cha mdomo. Muda wa matembezi yenu ndio muda wangu. Nataka barua hii iwe ndani ya begi lako kabla hamjarudi, maana ukinikuta na kalamu utaniuliza naandika nini, nami nitajibu "si kitu", kama ninavyojibu siku zote, kisha nitaikunja niitie mfukoni na hutaiona.

Sitakuandikia uvae nini, ule nini, uswali wapi. Hayo mama yako ameyasema, na atayarudia kesho pale stesheni ya Gare du Nord mpaka mlango wa behewa ufungwe. Mimi mwenyewe niliagwa kwa maagizo. Baba yangu alisimama kando ya basi Kondoa akanipa maagizo mengi, na mengine nayafuata hadi leo bila kujua sababu yake. Hakuniambia hata jambo moja aliloshindwa yeye. Nikaja Ulaya nikiamini nimetoka kwa mtu asiyekosea, na kila nilipokosea nilinyamaza, nikidhani mimi ndiye wa kwanza katika ukoo. Kwa hiyo nitakuandikia niliposhindwa, na zaidi niliposhindwa kwa Karanga, kwa sababu kesho unavuka mpaka na kosa hilo, nawe ndiye utakayelijibia.

Najua kinachokungoja. Bibi Renate, huyo mwalimu wa mbwa wa kuwinda ndege kule kwenye vilima vya Ujerumani, alikuandikia kwamba nafasi ni ya wawili, mwanafunzi na mbwa wake, na kwamba siku ya pili atamjaribu mbwa mwenyewe. Ndege ataanguka, Karanga ataenda kumtafuta, naye Bibi Renate, ambaye Karanga hajapata kumwona, atanyosha mkono kumpokea. Mbwa akimponda ndege kwa meno, au akikataa kumweka mkononi, atarudishwa. Na juzi, tukifuta vyombo, mama yako alinieleza ulichomwambia: "Wakimkataa Karanga, wamenikataa na mimi. Narudi naye." Hukuniambia mimi. Sikushangaa. Lakini tangu juzi silali vizuri, kwa sababu najua mbwa huyo ataangalia nini kabla hajaamua. Ataangalia mkono. Na ni mimi niliyemfundisha kuuogopa.

Baadhi ya nitakayoandika unayajua kuliko mimi. Vumilia. Mimi ndiye niliyechelewa kuyajua.

Unakumbuka Georges, jirani yetu wa chini, alipokuletea yule mtoto wa mbwa ndani ya kikapu cha kufulia. Mzee wa watu alikuwa ametoka hospitali na nyonga ya chuma, amesimama mlangoni kwetu akiegemea fimbo, akizungumza Kiswahili chake cha Bukavu, alikofundisha hesabu ujana wake wote.

"Zuhura, mutoto yangu, kamata huyu. Miye sina tena miguu ya kukimbia na imbwa. Weye uko na miguu, na papa yako iko na wakati, iko pensionné, alishaacha kazi."

Mama yako alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mbwa? Katika nyumba ninayoswalia?"

"Maman, atalala kwangu, chini," Georges akasema. "Juu atapanda tu kusalimia."

"Asalimie akiwa huko huko chini."

Ndivyo ilivyokuwa. Karanga akawa analala kwa Georges, analishwa na wewe, na juu kwetu hakukanyaga. Ukampa jina kwa ajili ya yale madoa ya kahawia mgongoni. Ulipoanza chuo ukaniomba nimfundishe asubuhi, ukiwa darasani. Nilikubali haraka kuliko ulivyotarajia. Sikukuambia kwamba nilifurahi mno. Nilikwenda maktaba nikaazima vitabu vitatu vya Kifaransa kuhusu mbwa wa ndege, nikavisoma vyote kwa penseli mkononi, kama nilivyokuwa nasoma mikataba nilipokuwa mfasiri. Kwa kusoma, nilikuwa tayari.

Na mwanzo nilifanikiwa, jambo lililonidanganya. Kazi ya kwanza ya mbwa huyu ni kunusa ndege aliyejificha majanini na kuganda hapo hapo, bila kumrukia, mpaka mwindaji afike. Kitabu kilisema huwezi kumfundisha kuganda, anazaliwa nako. Unachoweza ni kutokuharibu. Nakumbuka asubuhi ile tulipompeleka kwa mara ya kwanza kwenye mashamba ya Luc, mpwa wa Georges, nje ya mji, viazi-sukari vimeshavunwa na udongo umelala wazi. Karanga alikuwa anakimbia ovyo huku na huku, masikio yanapepea, kisha akakatika katikati ya mwendo kana kwamba mtu amemshika mkia. Mguu mmoja wa mbele ukabaki hewani. Hakupepesa. Ulinishika mkono wa koti, tukasogea, na kwale wawili wakaruka kutoka mahali ambapo mimi niliona udongo mtupu. Karanga alitetemeka mwili mzima na hakuwafuata. Wewe ulilia. Mimi nilijifanya natafuta miwani.

Kazi ya pili ndiyo iliyonishinda. Ndege akishaanguka, mbwa amtafute, amuokote kwa mdomo laini, asimvunje hata unyoya, amlete, na amweke mkononi mwa mtu. Tulianza na kigunia kidogo kilichojazwa vitambaa. Nilikuwa nakirusha, anakifuata, anakirudisha mkia juu, furaha tupu. Anafika kwangu na kigunia kimelowa, mate yanamning'inia pande zote mbili za mdomo. Na hapo mkono wangu ulikuwa unakimbia.

Nikuambie jinsi nilivyokuwa nafanya, kwa sababu nimejiangalia sana tangu hapo. Nilikuwa nanyosha mkono mpaka pua yake ikaribie, kisha vidole vinarudi nyuma, kisha vinadaka pembe ya kigunia haraka na kukivuta, kisha mkono wa pili unatoa kitambaa mfukoni na kufuta. Yote kwa muda wa kupiga chafya. Sikuwa najua kwamba nafanya. Nilikulia katika nyumba ambayo mate ya mbwa yakigusa chombo, chombo kinaoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Hilo limo mwilini mwangu kuliko jina langu.

Karanga alielewa upesi. Akaanza kusimama hatua chache kabla ya kunifikia. Halafu mbali zaidi. Halafu akawa anatafuna kigunia akiwa amesimama, akiniangalia, kama mtu anayekunja karatasi mikononi huku akingoja kuitwa ofisini. Nikaongeza ukali wa sauti. Nikafungua kitabu nikasoma sura nyingine. Kisha ikawa asubuhi ile ya njiwa. Mama yako alikuwa amemkuta njiwa mfu, niliyemhifadhi kwa ajili ya mazoezi, ndani ya friza, kati ya mfuko wa mihogo na samaki, akanipigia kelele hadi majirani wakajua; nami nikamtoa, nikamwacha ayeyuke, nikamrushia Karanga bustanini. Akamuokota. Akasimama mbali. Akanitazama mkono. Kisha akamla, na manyoya yake yote, bila haraka, macho yake kwangu.

Nilikuwa na hasira ambayo mtu mzima haipaswi kuwa nayo kwa mnyama. Mchana nilikwenda Matonge, kwenye maduka ya Waafrika, kununua mihogo mingine, nikamsimulia maman muuza duka, yule wa Lubumbashi, nikitaka anihurumie. Alicheka mpaka akakaa.

"Tonton, ngoja. Imbwa anakamata ndege, anakuletea weye, na yeye hakule?"

"Ndivyo anavyotakiwa."

"Ah non! Ule si imbwa, tonton. Kwetu hata ministre hawezi!"

Duka zima likacheka. Mimi nilirudi na metro nikiwa nimeshatunga hukumu yangu, na jioni nikakutangazia mezani kwamba mbwa wako ana tamaa. Nikaongeza na elimu. Nikasema hata sheria yetu, ambayo inaruhusu windo la mbwa aliyefundishwa, haimhesabu kuwa amefundishwa mbwa anayekula alichotumwa. Nikasema amekwisha. Nilisema kwa ufasaha, nakumbuka. Nilikuwa na sentensi nzuri.

Uliniacha nimalize. Kisha ukatoa simu ukaiweka karibu na sahani yangu. Ulikuwa umeturekodi kutoka dirisha la Georges, siku kadhaa, bila nia mbaya. Ulitaka kuona miguu ya mbwa. Nikamwona mzee mwenye koti la kijivu, na mkono wake. Ukairudisha nyuma polepole. Mkono ulikuwa unaruka kama wa mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Baba," ukasema, "si tamaa. Anakuletea, wewe unamkimbia."

Nami nikajibu, "Simu hizi zinapotosha mambo."

Mama yako alikohoa kuficha kicheko. Wewe hukucheka. Ulikuwa umesubiri nafasi hiyo, sasa naelewa, kwa sababu hukuondoa simu, na ukasema jambo la pili kwa sauti ile ile: kwamba unaacha masomo ya uchumi, umeandikiana na mtu Ujerumani, unataka kazi hii ya mbwa, na unataka kujua nafikiri nini.

Nilinyanyuka nikaenda kunawa mikono.

Sikuwa nimekula kitu cha kushika kwa mkono usiku ule, tulikula supu. Nilisimama kwenye sinki, maji yanatoka, nikasubiri mpaka nikasikia umeondoka mezani. Tukakaa wiki ngapi bila kusemeshana vizuri? Ulikuwa unanipa habari za Karanga kupitia kwa mama yako, na mama yako alizileta sebuleni kama barua iliyofunguliwa njiani. Nyumba yetu ni ndogo kwa ukimya wa namna hiyo. Nilijua ni zamu yangu kusema. Kila asubuhi niliamka na neno la kwanza, na kila jioni nililala nalo.

Sitaki uamini kwamba nilibadilika kwa kutafakari. Nilibadilika kwa sababu ya jirani yetu Mmoroko wa ghorofa ya pili. Alinikuta ngazini naosha mikono kwa chupa ya maji, maana Karanga alikuwa amenilamba kwa bahati mbaya. Akaniuliza kulikoni. Nikamweleza. Akashangaa kwa upole. Akasema kwao, katika madhehebu yao, mbwa hana shida hiyo, ila usafi wa kawaida. Nikamwambia kwetu ipo. Akasema, "Basi kwenu ilikuwaje? Hamkuwinda?"

Nikafungua mdomo kumjibu kwamba hatukugusa mbwa, na badala yake nikamwona baba yangu.

Nilimwona waziwazi, Zuhura, kama mtu anayeingia chumbani. Baba alikuwa na mbwa wawili wa kuwindia kanga. Walilala nje ya ua, hawakuingia, na sisi tulikatazwa kuwashika. Hilo nilikuwa nimelibeba miaka yote hii. Nililokuwa nimeliacha ni lingine. Mbwa aliporudi na kanga mdomoni, baba alikuwa anachuchumaa. Anaweka kiganja chini ya taya la mbwa, anakiacha hapo, anazungumza naye maneno ya kijinga ambayo hakuwahi kutuambia sisi watoto. Mate yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Hana haraka. Akishapokea, ndipo anamwita mtu alete kata ya maji na udongo, anaosha kwa utaratibu, anahesabu, na kuswali anaswali. Kuosha kulikuwa na zamu yake, na kupokea kulikuwa na zamu yake. Hakuwahi kuvichanganya.

Kwa hiyo si dini iliyouondoa mkono wangu, wala si malezi. Ni umbali. Nimekaa mbali na kwetu muda mrefu mno, na mtu akikaa mbali namna hiyo hubaki na makatazo, kwa sababu makatazo ni mafupi na yanabebeka. Jinsi watu walivyoishi nayo, jinsi walivyochuchumaa, walivyocheka, walivyojua lini kusubiri, hilo halikai kichwani; linahitaji watu kulizunguka. Nilikuja hapa na orodha ya "usi" nikadhani ndiyo nyumbani. Nikakulea kwayo. Ulipokuwa mdogo ukiniletea insha yako nilikuwa naitazama kwanza makosa ya tahajia, nikiishika kwa pembe. Nilidhani nakupa kwetu. Nilikuwa nakupa mlango wa kwetu tu, tena umefungwa.

Nilimshukuru jirani, naye hakujua kwa nini.

Kesho yake nilikwambia, "Nionyeshe." Hukuniuliza unionyeshe nini. Ulinipeleka bustanini ukanikalisha kwenye majani yenye umande, ukasema nisitake kitu chochote kwa Karanga, nikae tu. Siku kadhaa ilikuwa hivyo: mzee, majani, na mbwa anayepita kwa mbali akinitilia shaka. Halafu akaja na fimbo. Hakunipa, alisimama nayo karibu na goti langu. Sikuichukua. Ulikuwa nyuma yangu unanong'ona, "Usishike, Baba, usishike, muache aringe nayo." Nikajifunza kwamba sehemu ngumu ni kungoja na kiganja wazi wakati yeye bado ameshika, na kumfurahia akiwa ameshika. Vitabu vyangu vilikuwa vimesema hivyo, ukurasa ule ule nilioupigia mstari.

Lakini kilichoharibiwa kwa miezi hakirudi kwa wiki. Kwako wewe Karanga alileta vizuri. Kwangu alileta siku moja, akakataa siku mbili. Na Bibi Renate ni mgeni, atakuwa kama mimi. Ndiyo maana Jumapili iliyopita ulisema jaribio la mwisho litakuwa na mkono wangu.

Sijakuambia nilivyoogopa Jumapili ile. Ukungu ulikuwa umekalia mashamba, Georges yuko ndani ya gari la Luc, kioo kimeshushwa, blanketi magotini, anaongoza vita kama jenerali. Karanga aliganda kando ya ua wa miti. Yule ndege wanayemwita faisan akaruka, mkia mrefu, kelele kama bati linaloanguka, Luc akapiga, ndege akaenda chini upande wa pili wa ua, upande wa barabara kuu. Nikasema Bismillah nikamtuma mbwa.

"Papa Zuhura," Georges akaita kutoka garini, "unaombea imbwa ao unaombea ndege?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Karanga alikuwa ameshapenya na lori lilikuwa linakuja. Tulilisikia kabla ya kuliona. Wewe ulikuwa na filimbi mdomoni. Ungepiga, angerudi, umemfundisha hivyo. Lakini ndege alikuwa amejeruhiwa tu, anakimbia kwa miguu, na mbwa mchanga anayeitwa akiwa juu ya harufu ya windo hujifunza kuliacha. Nilitaka kupiga kelele "Piga!" Nilitaka pia kupiga kelele "Usipige!" Nikayameza yote mawili, kwa sababu filimbi ilikuwa yako. Lori likapiga honi ndefu. Hukupuliza.

Kisha lori likapita. Luc alivua kofia akaivaa tena.

Karanga akatokea kwenye pengo la ua, mbali kuliko tulipotazama, tope hadi tumboni, ndege mdomoni akiwa hai, shingo imeinuliwa inageuka huku na huku. Akaja moja kwa moja mpaka akaniona mimi ndiye niliyemtuma. Akasimama. Akaangalia mkono wangu. Nikaona misuli ya taya lake inakaza.

Nilipiga magoti topeni nikageuza bega, nisimkabili. Nikaweka kiganja chini, karibu na paja langu, nikakiacha. Nikaanza kuzungumza, na maneno yaliyotoka yalikuwa ya Kirangi, lugha ya kwetu, ya kijinga, ya baba yangu. Sikumtazama. Nilitazama tope. Kwa pembe ya jicho niliona miguu ya mbele ikisogea, ikisita, ikisogea. Halafu taya lake lilikuwa juu ya kiganja changu, zito, moto. Mate na damu vikashuka ndani ya mkono wa koti. Sikuchukua. Yeye alishika, mimi nikangoja, ndege akapumua kati yetu. Nikasema "toa", kwa sauti niliyotumia kukubembeleza ulipokuwa na homa, na akatoa.

Georges alimtaka ndege kabla ya kusema lolote. Luc akammaliza, akampelekea garini. Mzee alifumba macho akapapasa kifua cha ndege kwa vidole vyake, ubavu mmoja mmoja.

"Mbavu mbili imevunjika."

"Ni kuanguka," Luc akasema.

"Inawezekana kuanguka. Inawezekana meno." Akafungua macho akakutazama wewe, si mimi. "Sijue, mutoto. Ndege hatatuambia."

Tulirudi mjini bila kujua, na mpaka sasa hatujui. Karibu na Etterbeek ndipo ulipozungumza mara moja tu: "Baba, hukufuta mkono." Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekaa safari nzima na mkono uliokauka damu juu ya goti. Nyumbani niliosha mara saba, na udongo kutoka kwenye chungu cha maua cha mama yako, nikaswali adhuhuri niliyokuwa karibu kuikosa, na moyo wangu ulikuwa mtulivu.

Sasa sikiliza, maana mnaweza kurudi wakati wowote.

Kabla Bibi Renate hajanyosha mkono, mwambie. Mwambie mbwa huyu alifundishwa asubuhi na mtu aliyekuwa anavuta mkono, na mtu huyo ni baba yako. Usione haya kwa ajili yangu na usitafute maneno ya kunilinda. Nimeishi na kazi ya maneno, najua unavyoweza kusema "alichanganyikiwa kidogo na mwalimu wa kwanza" na usiwe umesema uongo. Sema wazi. Ikiwa anaijua kazi yake, atajua la kufanya na kiganja chake. Mimi nilifika mahali pengi nikaficha kilichovunjika mpaka siku ya jaribio, nikitumaini hakitaonekana, na kila mara kilionekana wakati hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunisaidia. Kazi yangu ya kwanza hapa niliipoteza hivyo, na haikuwa lazima.

Ikifika zamu yake na Karanga akasimama mbali, usimwite kwa sauti ya mtu ambaye maisha yake yako mdomoni mwa mbwa. Ataisikia. Najua si haki kukuomba hivyo, kwa sababu ndivyo ulivyopanga mwenyewe: akikataliwa yeye, umekataliwa wewe. Umemtwisha mbwa wa miaka miwili mzigo ambao mimi, kwa umri wangu, ulikuwa unaniangusha Jumapili.

Kwa hiyo nimeutua. Sikukuuliza, na unaweza kukasirika ukiwa ndani ya treni.

Georges anahamia nyumba ya wazee mwezi ujao na kule hawapokei mbwa. Unajua, na najua ndiyo sababu ulimwambia mama yako unarudi naye. Hakuna pengine pa kumweka. Jana nilikwenda kituoni nikauliza. Mbwa mkubwa anapanda treni ile kwa tiketi, na mzee anapanda kwa punguzo. Kisha nikamngoja mama yako amalize kuswali isha, nikamwambia, wakimkataa Karanga nitakwenda kumchukua mimi, nimlete hapa, nianze naye upya kila asubuhi mpaka atakapokuwa tayari kujaribiwa tena.

"Hapa wapi?" akauliza.

"Hapa juu."

Alikunja mswala polepole kuliko kawaida. Nilijiandaa. Unamjua mama yako.

"Hatakanyaga sebuleni," akasema.

"Hatakanyaga."

"Wala jikoni."

"Wala jikoni."

"Basi kimebaki chumba cha Zuhura." Akaondoka, nikadhani ameghairi, kisha nikamsikia kule ndani anasukuma samani. Alirudi na vumbi kwenye kanga. "Kitanda kitatoka kwa mlango, nimepima. Usinisemeshe tena habari hii."

Ndiyo hivyo, mwanangu. Nenda ukafundishwe. Wakimpokea Karanga, vizuri. Wakimkataa, nipigie simu hata kama unalia, mpe maji, mkae wote wawili mahali pakavu, nami nitakuja na treni ya kwanza kumchukua. Wewe baki. Usije kunirudia na begi ukisema huwezi kumwacha, kwa sababu chumba kitakuwa na mwenyewe, na ukija likizo utalala sebuleni kama mgeni mwingine yeyote tunayempenda.

Baba yako